UGONJWA UNAOAMKA JIONI: Historia ya miasthenia gravisi

SEHEMU YA 1: Asubuhi mzima, jioni hoi

Leo tunaanza mfululizo mpya. Wageni karibuni, ukurasa huu ni wa nesi, tunaongea afya kwa Kiswahili chetu bila kutishana. Safari hii nawaletea historia, lakini si historia ya wafalme na vita. Ni historia ya ugonjwa mmoja adimu ambao umewatesa watu kwa mamia ya miaka huku wakiambiwa hawaumwi.

Nikuchoree mfano. Mama wa miaka 28 anaamka vizuri, anafagia uwanja, anachota maji, anapiga soga na majirani. Ikifika saa 8 mchana kope ya jicho la kushoto inaanza kushuka yenyewe. Saa 12 jioni anaona watu wawili wawili. Akila ugali, matonge ya kwanza yanakwenda vizuri, halafu taya linachoka mpaka analishikilia kwa mkono. Akiongea na simu dakika 10, sauti inaanza kutokea puani na maneno yanateleza kama ya mlevi. Analala. Kesho yake asubuhi, mzima kabisa.

Sasa anaamua kwenda kituo cha afya. Anawahi foleni, anaonwa saa 3 asubuhi. Presha iko sawa. Malaria hana. Damu inatosha. Inua mikono, anainua. Fumba macho, anafumba. Anaambiwa, "Mama, huna tatizo, punguza mawazo." Akirudi nyumbani mume anasema ni uvivu, wifi anasema anadeka, jirani anasema karogwa, na aliyemkuta jioni dukani anasema kalewa.

Ugonjwa huo unaitwa miasthenia gravisi. Jina limetoka Kigiriki na Kilatini, maana yake ni kama "udhaifu mzito wa misuli". Uko kwenye kundi la magonjwa ambayo kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inamgeukia mwenye mwili. Hauambukizi. Na tabia yake kubwa ni hii: misuli inachoka kadiri inavyotumika, ikipumzika inarudi.

Naomba ushike jambo moja kabla hatujaenda mbali. Huu ugonjwa una ratiba. Anayempima mgonjwa asubuhi, akiwa amelala usiku kucha, anaweza asione kitu. Anayeuona ni mume, mama, mtoto, au nesi wa zamu ya jioni. Kwa hiyo historia yote nitakayokusimulia ni historia ya swali dogo: ni nani alikubali kuamini maneno ya mgonjwa kuhusu kitu ambacho yeye mwenyewe hakukiona?

SEHEMU YA 2: Mwanamke aliyeishiwa sauti

Twende Uingereza, mwaka 1672. Daktari mmoja anayeitwa Thomas Willis anachapisha kitabu kwa Kilatini, *De anima brutorum*. Huyu si mtu mdogo. Ndiye aliyeeleza vizuri ule mzunguko wa mishipa ya damu chini ya ubongo, ambao wanafunzi wa uuguzi na udaktari wanaukariri mpaka leo kwa jina lake.

Ndani ya kitabu hicho anaeleza wagonjwa ambao asubuhi wanatembea vizuri, wanatupa mikono huku na huku, wanaweza hata kuinua mzigo, lakini kabla ya saa sita mchana nguvu zimeisha na hawawezi kusogeza mkono wala mguu. Anamtaja mwanamke mmoja aliyekuwa akimtibu. Tatizo lake liliingia hadi kwenye ulimi. Akiongea kwa muda mrefu, au kwa haraka, au kwa kujikaza, sauti inakatika kabisa. Anakaa kimya saa moja au mbili, halafu sauti inarudi.

Angalia Willis alifanya nini. Hakuwa na kipimo chochote. Mwaka 1672 hakuna maabara ya damu, hakuna eksirei, hata kipimo cha kusikilizia kifua hakijatengenezwa. Alichofanya ni kusikiliza, kutazama na kuandika pamoja na saa: asubuhi hivi, mchana hivi. Tena akampa yule mwanamke heshima yake. Aliandika kwamba ni mtu mwaminifu. Yaani alijua kabisa kuna watakaosema anaigiza, akamtetea mapema.

Maelezo yake ya chanzo hayakuwa sahihi, alizungumzia damu na roho za mwilini kama walivyoamini watu wa zama zake. Lakini dalili alizoandika, ukimsomea daktari wa leo wa mishipa ya fahamu, atakutajia jina la ugonjwa kabla hujamaliza.

Baada ya hapo ikapita miaka 200 bila mtu kuendeleza alipoishia. Mwaka 1877, daktari Samuel Wilks wa hospitali ya Guy's, London, akaandika habari za msichana aliyelazwa akiwa dhaifu, anatembea kwa shida, anaongea polepole, macho hayaendi sawa. Waliomwona walidhani ni histeria.

Neno hili nilieleze kidogo, maana bado linatumika mawodini. Zamani lilikuwa likibandikwa hasa kwa wanawake, kwa maana ya kwamba huumwi mwili, unaumwa hisia. Yule msichana akaendelea hivyohivyo, mpaka kumeza kukawa shida, kisha kupumua, akafariki. Wilks akafungua na kuchunguza shina la ubongo, sehemu ambayo ikiharibika mtu hushindwa kumeza na kupumua. Hakukuta jeraha lolote.

Fikiria hapo. Msichana amekufa kwa ugonjwa, na hata mwili wake ulipofunguliwa haukuonyesha kitu machoni. Kumbe tatizo halikuwa kwenye ubongo. Lilikuwa mahali padogo mno, panapokutana neva na msuli, na ingechukua karibu miaka 100 kupaona.

SEHEMU YA 3: Jinsi ugonjwa ulivyopata jina

Asanteni kwa maswali. Wengi mmeuliza kama ni kiharusi. Hapana. Kiharusi mara nyingi huja ghafla, hukamata upande mmoja, na hakiendi na kurudi kwa kufuata saa. Huu unapanda na kushuka, na mara nyingi huanzia kwenye kope na macho, kisha taya, koo, shingo, mikono, na hatari kubwa zaidi ni misuli ya kupumulia.

Tuendelee. Mwaka 1879, Wilhelm Erb huko Ujerumani aliandika habari za wagonjwa watatu wenye dalili zinazofanana: kope kushuka, kutafuna kwa shida, shingo kushindwa kubeba kichwa. Mwaka 1893, Samuel Goldflam wa Warsaw alikusanya wengine na kueleza ugonjwa kwa undani kuliko yeyote kabla yake, pamoja na ile tabia ya kuondoka na kurudi. Kwa muda mrefu ugonjwa uliitwa kwa majina ya hao wawili.

Halafu mwaka 1895 akaja Friedrich Jolly wa Berlin. Jolly aliwashtua wagonjwa misuli kwa umeme mdogo, tena na tena. Mshtuko wa kwanza msuli unaruka vizuri. Wa pili, wa tatu, wa kumi, unaruka kidogo zaidi, mwisho unakaribia kutulia. Ukiuacha upumzike, unarudi.

Unaona uzito wake? Umeme haumwonei mtu huruma na msuli haujui kudeka. Kwa mara ya kwanza kilichosemwa na mgonjwa, kwamba "naanza vizuri halafu naishiwa", kikaonekana hata kwa asiyemwamini. Jolly ndiye aliyeupa jina la miasthenia gravisi. Na kile kipimo cha kushtua neva kwa kurudiarudia bado kinatumika hospitali kubwa, sema mashine ndiyo imekuwa ya kisasa.

Lakini jina siyo dawa. Wagonjwa sasa waliitwa kwa jina zuri la Kigiriki na bado walikufa kwa kupaliwa chakula au kukosa pumzi. Kilichobaki kwa daktari ni kumwambia apumzike.

Mwaka 1930 mwanamke mmoja Mmarekani, Harriet Edgeworth, ambaye mwenyewe alikuwa na ugonjwa huu, alitoa taarifa kwamba alimeza efedrini kwa sababu nyingine kabisa na akahisi misuli imepata nguvu. Mgonjwa huyo, si profesa! Aliujua mwili wake, akafuatilia, akaandika. Dawa ilisaidia kiasi, haikutosha. Lakini ilionyesha kwamba mlango unaweza kufunguka.

Kesho nawapeleka Afrika Magharibi. Jiandaeni, kuna maharage ya sumu.

SEHEMU YA 4: Maharage ya Calabar

Kusini-mashariki ya nchi tunayoiita leo Nigeria, pwani ya Calabar, Waefik walikuwa na mmea unaotambaa wenye mbegu kubwa za kahawia, unaitwa esere. Mbegu hizo ni sumu kali, na zilikuwa na kazi kwenye baraza la hukumu.

Mtu akituhumiwa uchawi, alinyweshwa maji ya mbegu hizo. Akitapika na kupona, hana hatia. Akifa, basi alikuwa mchawi. Wamisionari kutoka Scotland waliofika huko katikati ya karne ya 19 waliandika habari hizo na kupeleka mbegu Edinburgh.

Huko Edinburgh profesa Robert Christison mwaka 1855 akaamua kuzijaribu mwilini mwake. Ndiyo, alikula! Kipande kidogo tu. Akaanza kuishiwa nguvu, moyo unakwenda ovyo, akanywa maji aliyokuwa ananyolea ndevu ili atapike. Akapona, akaandika. Msijaribu jamani. Mwaka 1864 wanakemia wawili Wajerumani, Jobst na Hesse, wakaitenga sumu yenyewe ikiwa safi. Jina lake ni fisostigmini. Baadaye madaktari wa macho wakaitumia kutibu presha ya jicho.

Sasa kuna sumu ya pili, ya Amerika Kusini. Wawindaji wa misituni huko walipaka mishale yao kurare. Mnyama akichomwa, misuli inalegea, kupumua kunasimama, anakufa. Katikati ya karne hiyo hiyo ya 19 Mfaransa Claude Bernard alionyesha kwamba kurare haiui neva wala haiui msuli. Inakata mawasiliano kati yao. Na mwaka 1900 Jakob Pal wa Vienna akagundua kwamba fisostigmini inaweza kuipinga kurare: mnyama aliyelegea akapata tena pumzi.

Nieleze kwa lugha ya nyumbani. Mwisho wa neva haugusi msuli, kuna kiupenyo. Ukitaka kuinua mkono, neva inatuma mjumbe anayeitwa asetilikolini. Mjumbe anavuka, anapiga hodi kwenye milango ya msuli, milango hiyo ndiyo vipokezi. Akifunguliwa, msuli unajikunja. Mara moja anakuja mfagizi, ni kimeng'enya, anamfagia mjumbe ili mlango usigongwe mfululizo. Kurare inaziba milango. Fisostigmini inamzuia mfagizi, hivyo mjumbe anabaki pale pale anagonga na kugonga mpaka afunguliwe.

Kwa hiyo kufika mwaka 1900 dawa ilikuwepo, na ugonjwa ulikuwa na jina. Vilikuwa kwenye vitabu tofauti, kwenye rafu tofauti. Ilichukua miaka 34 mtu kuviunganisha.

SEHEMU YA 5: Dokta Mary Walker

Huyu nampenda, mnivumilie nikae kwake.

Mary Broadfoot Walker alizaliwa mwaka 1888 Wigtown, Scotland. Alisomea udaktari, lakini hakuwa bingwa mwenye jina wala hakufundisha chuo kikuu. Alifanya kazi hospitali za maskini za London. Mwaka 1934 alikuwa St Alfege's, Greenwich, hospitali iliyotokana na nyumba za kuhifadhia mafukara. Cheo chake kilikuwa daktari msaidizi. Yaani yule anayeshinda wodini na wagonjwa, anayewajua kwa majina.

Wodini alikuwa na mama wa miaka 56 mwenye miasthenia. Siku moja daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, Derek Denny-Brown, alipokuja kutembelea hospitali, katika maongezi akasema ugonjwa huu unafanana na sumu ya kurare. Walker akalibeba neno hilo. Kama unafanana na kurare, basi kinachoipinga kurare si kingeweza kusaidia? Akaenda kusoma, akakuta fisostigmini. Akamchoma sindano.

Ndani ya nusu saa hadi saa moja ile kope iliyokuwa imeanguka ikapanda. Mikono ikapata nguvu, taya halikuning'inia sana, kumeza kukawa kwepesi. Mama akasema anajisikia mwepesi. Baada ya saa chache dawa ikaisha, udhaifu ukarudi. Akachomwa tena, ikapanda tena.

Tarehe 2 Juni 1934 barua yake ikatoka kwenye jarida la *The Lancet*. Fupi tu. Mwezi Februari 1935 akaonyesha mbele ya madaktari wa London kazi ya ndugu wa dawa hiyo aliyetengenezwa kiwandani, Prostigmin, ambaye leo tunamwita neostigmini. Watu wakaja kuuita muujiza wa St Alfege's.

Kwa haki niseme, huko Ujerumani daktari Lazar Remen aliwahi kumpa mgonjwa Prostigmin mwaka 1932 na kuona nafuu, lakini aliigusia kwa kupita tu na haikufuatiliwa. Walker ndiye aliyeelewa alichokiona.

Si wote waliompigia makofi. Daktari wa kike, wa hospitali ya mafukara, amepata kilichowashinda mabingwa? Wapo waliomdharau. Chuo chake cha Edinburgh kilimpa medali ya dhahabu kwa andiko lake mwaka 1935, lakini yeye akaendelea na kazi zake wodini, na tuzo kubwa kutoka chuo cha madaktari cha London ilimfikia mwaka 1962, akiwa mtu mzima aliyestaafu. Alifariki mwaka 1974.

Na hakuishia kwenye sindano. Mwaka 1938 aliwafunga wagonjwa mkanda wa kupimia presha mkononi, ukazuia damu, akawaambia wafanyishe kazi ule mkono mpaka uchoke. Alipoufungua, damu ikarudi mwilini na baada ya muda mfupi kope zikashuka zaidi. Akajiuliza kama kuna kitu kinachotembea kwenye damu. Jibu lilikuwa na sura nyingine kuliko alivyodhani, lakini wazo la kitu kilichomo kwenye damu lilikuja kuwa kweli.

Manesi wenzangu wa theatre, ile neostigmini mnayoiandaa mwisho wa operesheni ili misuli ya mgonjwa irudi, ndiyo hiyo. Mizizi yake ni mbegu ya Calabar. Mbegu iliyokuwa ikiwaua walioitwa wachawi ndiyo iliyokuja kuwainua walioambiwa wamerogwa.

SEHEMU YA 6: Nyoka, samaki na sungura

Dawa imepatikana. Swali likabaki: kwa nini milango haifunguki?

Dokezo la kwanza lilitoka kifuani. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi inaitwa thaimasi, inayofundisha chembe za kinga kutofautisha mwenyeji na mgeni. Tangu mwaka 1901 walikuwa wameona kwamba baadhi ya wagonjwa wa miasthenia wana uvimbe hapo. Mwaka 1936 daktari wa upasuaji Alfred Blalock, Marekani, alimtoa msichana mmoja uvimbe huo na hali yake ikawa nzuri. Miaka iliyofuata akatoa tezi hata kwa wasio na uvimbe. Wengine walipata nafuu, wengine hawakupata, na ubishi ukaendelea miaka 80! Mwaka 2016 ndipo utafiti wa wagonjwa 126 ukaonyesha wazi kwamba kwa wale wasio na uvimbe waliofaa kuingizwa, kuitoa tezi pamoja na dawa kunasaidia kuliko dawa peke yake.

Dokezo la pili lilitoka kwa akina mama. Mwaka 1960 John Simpson wa Glasgow aliwatazama wagonjwa wake kwa macho mapana. Aliona wengi ni wanawake vijana, baadhi wana magonjwa mengine ya kinga kujishambulia, tezi ya kinga ina kasoro, na baadhi ya watoto wachanga wa mama wenye ugonjwa huzaliwa wamelegea, hawanyonyi vizuri, halafu baada ya wiki chache wanapona kabisa. Akauliza: mtoto kapata nini kutoka kwa mama ambacho kinaisha chenyewe? Akasema ni kingamwili, zimepita kwenye kondo. Hakuwa na ushahidi wa maabara, alikuwa na akili ya kuunganisha.

Ushahidi ulikuja kwa njia ya ajabu. Huko Taiwan, Chang na Lee mwaka 1963 walitenga sumu ya nyoka wa jamii ya krait ambayo inang'ang'ania milango ile ya msuli kama gundi. Sasa wanasayansi wakapata kitu cha kuihesabia milango. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Fambrough, Drachman na Satyamurti, wakaitumia kwenye vipande vya misuli ya wagonjwa na kukuta milango imepungua sana.

Mwaka huo huo wa 1973 huko California, Jim Patrick na Jon Lindstrom walikuwa wakitafiti vipokezi. Waliwatoa kwenye samaki mwenye umeme, kwa sababu kiungo chake cha umeme kimejaa vipokezi tele, wakawachoma sungura ili watengeneze kingamwili za kufanyia kazi maabara. Sungura wakalegea, vichwa vinaanguka, pumzi shida. Walipopewa dawa za jamii ile ile ya neostigmini, wakainuka. Sungura walikuwa wamepata miasthenia. Kinga yao ilikuwa imefundishwa kushambulia milango ya samaki, ikaanza kushambulia ya kwao.

Mwaka 1976 Lindstrom na wenzake wakaeleza kipimo cha damu cha kingamwili hizo. Hebu hesabu: kutoka yule mwanamke wa Willis mpaka kipimo cha damu ni miaka 304.

Na hata kipimo hicho hakimalizi ubishi. Kwa wenye ugonjwa ulioenea mwilini, kama 85 kati ya 100 ndio huonekana nacho. Kwa wale ambao umeishia machoni tu, ni karibu nusu. Mwaka 2001 watafiti wakapata kingamwili ya pili, inaitwa MuSK, na baadhi ya waliokuwa "hawaonekani" wakaonekana. Wapo bado wanaoumwa huku vipimo vyote vikisema hapana. Karatasi ya maabara ikisema hapana, haijamfanya mgonjwa mwongo.

SEHEMU YA 7 (ya mwisho): Sisi tufanye nini?

Sasa tushuke kwetu. Mashine ya Jolly huna, kipimo cha kingamwili kipo mbali na ni ghali, daktari wa mishipa ya fahamu yuko mkoa mwingine. Bado una saa ya ukutani, macho na masikio, kama Willis.

Kwako unayehisi dalili au una ndugu wa namna hiyo: usiende hospitali na maneno "nachoka" peke yake, kila mtu anachoka. Sema nini kinachoka na saa ngapi. Kope, taya, kumeza, sauti, kuona viwili, kuinua mikono kuanika nguo. Piga picha ya uso asubuhi, piga nyingine jioni, siku kadhaa. Rekodi sauti ukiwa umeongea muda mrefu. Simu uliyonayo mkononi inaweza kumwonyesha daktari wa saa 3 asubuhi kile kinachotokea saa 1 usiku.

Kwa wenzangu wauguzi: mgonjwa akiambiwa hana kitu, mwambie atazame juu bila kupepesa kwa dakika moja au mbili, uone kope kama zinashuka. Mwache ahesabu kwa sauti, usikilize kama sauti inageuka. Kama kope imeshuka, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa ikiwekwa juu yake dakika 2, kope inaweza kupanda. Haimalizi utambuzi, lakini inatosha kukufanya uandike rufaa. Na andika muda kwenye faili. "Saa 1:30 usiku, kope ya kushoto imeshuka, anapaliwa maji." Sentensi hiyo moja ya zamu ya jioni inaweza kumwokoa.

Dawa za kuogopa. Hapa naomba umakini wa wote. Kuna dawa za kawaida kwetu ambazo kwa mgonjwa huyu zinaweza kuzidisha udhaifu wa misuli: gentamaisini, siprofloksasini, azithromaisini, kwinini, propranolo, na magnesiamu salfeti tunayowachoma akina mama wenye kifafa cha mimba. Mgonjwa wa miasthenia awe na karatasi kwenye pochi yenye jina la ugonjwa na dawa hizi, na amwambie kila anayemtibu, hata muuza duka la dawa. Mjamzito aseme mapema kliniki ili mpango wa kujifungua uandaliwe, na mtoto aangaliwe kwa karibu siku za mwanzo.

Hali za dharura: kushindwa kumeza hata mate, kichwa kushindwa kusimama, kupumua juu juu, kukohoa bila nguvu. Mwambie ahesabu kwa pumzi moja. Akishindwa kufika 20, usisubiri asubuhi. Na usidanganywe na utulivu wake. Mgonjwa wa pumu anahangaika unamwona, huyu hana nguvu hata ya kuhangaika.

Je, kuna kuishi? Kuna kuishi, tena wengi wanaishi, wanasoma, wanazaa, wanafanya kazi. Piridostigmini ya vidonge, mdogo wake neostigmini, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ipo prednisoloni na nyingine za kutuliza kinga, upo upasuaji wa tezi, upo uchujaji wa damu kwa waliozidiwa. Hakuna tiba ya kuufuta kabisa, na dawa mpya za nchi tajiri bei yake haisemeki. Ila nisikudanganye, shida kubwa ya kwetu bado iko mbele ya duka la dawa. Iko pale mtu anapoambiwa punguza mawazo na kurudishwa nyumbani.

Dawa hizi usinunue kwa kusoma kwangu. Ukizidisha, mfagizi akizuiliwa kupita kiasi, misuli inalegea vilevile na pumzi inakata. Daktari kwanza.

Mama mwenye kope inayoshuka jioni, kama unasoma hapa: huigizi, hudeki, na hujachanganyikiwa. Andika saa, piga picha, rudi tena. Wakikukatalia, rudi na mtu anayeishi na wewe aseme alichokiona.

Nimefika mwisho. Mwenye swali aniandikie, nitajibu nikitoka zamu. Mtumie na mwenzako, huenda nyumba ya jirani kuna mtu anaitwa mvivu. Wiki ijayo tunaanza mwingine, wa lupasi. Usiku mwema.